Kuzuia ugonjwa si anasa: wamama wa Kivu wanahitaji munganga anayeuliza namna wanavyoishi

Kila asubuhi, kwenye vituo vya afya vya Goma, Bukavu, Uvira ao Beni, benchi zinajaa wamama. Mmoja amebeba mtoto mwenye homa, mwingine amekuja kupimisha mimba, mwingine amesindikiza mama mkwe. Karibu wote wamekuja juu ya mtu mwingine, ao juu ya ugonjwa ambao umekwisha kuingia nyumbani. Ni nadra kumwona mama anayesema: «Siumwi, lakini nataka kujua kama niko muzima.» Na kama angesema hivyo, pengine angejibiwa arudi nyumbani, kwani wagonjwa wa kweli ni wengi na munganga ni mmoja.

Jibu hilo linaeleweka, lakini linaua watu pole pole. Magonjwa mengi yanayomaliza wamama leo hayaanzi na maumivu. Shinikizo la damu, ambalo wengi wanaita tension, linaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kupiga hodi. Kisukari ni vilevile. Kansa ya mlango wa kizazi inaanza na vidonda vidogo ambavyo mama hasikii hata kidogo. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba kati ya watu wazima wenye tension duniani, karibu nusu hawajui kama wanayo. Hao hawatafika kituoni kwa sababu ya maumivu. Ni lazima mtu awatafute.

Mfano ni huu, na wakaaji wa mitaa mingi wataujua bila kutajiwa jina. Mama anauza samaki sokoni. Kichwa kinamuuma mara kwa mara. Ananunua vidonge vya kutuliza maumivu kwa muuzaji wa dawa wa pembeni ya barabara, anakunywa, anaendelea na kazi. Mwezi unapita, mwaka unapita. Hakuna aliyefunga kitambaa cha mashine kwenye mkono wake. Siku moja anaanguka, mdomo unapinda, mkono na mguu wa upande mmoja vinakataa. Familia inasema amepewa karuho, ao jirani amemroga. Pesa zote zinaenda kwa waombezi na kwa waganga wa kienyeji. Kumbe kazi ya kupima tension yake ingechukua dakika tano tu.

Dawa ambayo haiko katika chupa

Katika nchi nyingi kuna wanganga ambao wamechagua kazi ya namna hii: kukaa na mgonjwa, hasa mwanamke, na kumuuliza anavyokula, anavyolala, anavyotembea, anachokunywa, mawazo yanayomsumbua na watu anaoishi nao. Nchini Marekani, wanganga wa njia hiyo walianzisha chama chao mwaka wa 2004, na wanataja nguzo sita: chakula, mwendo wa mwili, usingizi, kutuliza mawazo, kuepuka vitu vyenye hatari kama tumbaku na pombe, na uhusiano mwema na watu. Wanaita njia hiyo tiba ya mwenendo wa maisha.

Wengi wakisikia maneno hayo wanacheka. Wanaona ni mambo ya matajiri wanaokimbia asubuhi na viatu vyeupe. Lakini utafiti mkubwa uliotangazwa huko Marekani mwaka wa 2002 haukuwa wa mchezo. Watu zaidi ya 3 000 waliokuwa karibu kuingia katika kisukari walifuatwa kwa miaka karibu mitatu. Waliobadilisha chakula, wakapunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa juma, hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa 58 kwa mia. Waliopewa kidonge cha metformine, ilipungua kwa 31 kwa mia. Maana yake ni kwamba sahani na miguu vilishinda kidonge.

Tena Kongo haihitaji kwenda Marekani kutafuta ushahidi. Ushahidi uko Kwango. Huko kuna ugonjwa unaoitwa konzo, ambao daktari wa Italia, Giovanni Trolli, aliueleza mwaka wa 1938. Mtu analala muzima, anaamka miguu imekakamaa, na miguu hiyo haitapona tena. Unapiga hasa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Sababu yake ni mihogo michungu ambayo haikuroweshwa siku za kutosha, ikaliwa siku nyingi bila maharagi, samaki ao nyama. Sumu iliyo ndani ya mihogo inabaki ndani ya unga. Wakati wa njaa, vita ao haraka ya kuuza, siku tatu za kurowesha zinakuwa mbili, ao moja, na konzo inaingia.

Konzo haina dawa ya kuponyesha. Ina kinga tu. Daktari Banea Mayambu wa PRONANUT, programu ya taifa ya lishe, alishirikiana na mtaalamu Howard Bradbury wa Australia kufundisha wamama wa kijiji cha Kay Kalenge, katika zone ya afya ya Popokabaka, njia moja rahisi. Unachukua unga wa mihogo, unauchanganya na maji ndani ya beseni, kisha unautandaza juu ya mkeka, kwa unene usiozidi sentimita moja, saa mbili kwenye jua ao saa tano kwenye kivuli. Sumu inatoka kama hewa. Siku hiyohiyo unapika bugali. Wakati wa kazi hiyo, hakuna mgonjwa mpya wa konzo aliyepatikana kijijini. Hakukuwa mashine wala sindano. Kulikuwa munganga aliyeuliza wamama wanavyotengeneza unga, na wamama waliofundishana.

Hii ndiyo tiba ya mwenendo wa maisha, ya Kikongo kabisa. Anayesema ni anasa ya Wazungu aende aulize wamama wa Kay Kalenge.

Lakini isiwe kejeli kwa mama mkimbizi

Kuna neno la upande wa pili ambalo ni lazima lisikilizwe, kwa sababu ni la haki. Mama aliyekimbia Masisi, Rutshuru, Kalehe ao Fizi, ambaye amelala chini ya shiti, ambaye jana aligawia watoto uji na yeye akanywa maji, akija munganga kumwambia «kula matunda mara tano kwa siku, fanya mazoezi, punguza mawazo,» hiyo si tiba. Ni matusi. Atajibu kwa moyo: «Nipe kwanza shamba langu.» Na hatakuwa amekosea.

Kwa hiyo munganga wa kweli wa kinga haanzi na mafundisho. Anaanza na maulizo. Na maulizo hayo yanabadilisha hata mashauri yenyewe. Vitabu vya nchi tajiri vinasema: songa zaidi. Lakini mama anayebeba mchanga, mawe ao mzigo wa kuni mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, kilometa na kilometa, hahitaji mazoezi. Anahitaji kupumzika. Anahitaji mzigo upunguzwe, hasa akiwa na mimba ao akiwa ametoka kuzaa. Mama mwingine, anayekaa nyuma ya meza ya biashara tangu asubuhi mpaka jioni, akinywa soda na kula mikate na mandazi, huyo ndiye aambiwe asimame na atembee. Ni wamama wawili wa mtaa mmoja, na mashauri yao hayafanani. Karatasi moja iliyobandikwa ukutani haiwezi kuwahudumia wote wawili.

Ni vilevile kwa chakula. Hakuna haja ya kutaja vyakula ambavyo mtu anaona tu kwenye televisheni. Lengalenga, sombe, matembele, maharagi, njugu, maboga na sambaza wa ziwa Kivu ni vyakula vya afya. Sambaza akiliwa muzima, na mifupa yake, anajenga mifupa ya mama na ya mtoto. Shida mara nyingi haiko katika mboga bali katika namna ya kupika: mafuta yanayofunika chungu, chumvi ya mkono usiopimwa, pamoja na vile vikube vya kutia ladha ambavyo vyenyewe vimejaa chumvi. OMS inashauri mtu mzima asipitishe gramu tano za chumvi kwa siku, ni kusema kijiko kimoja kidogo cha chai, kwa vyakula vyote vya siku. Anayetia kikube apunguze chumvi. Anayepika makayabu ayaroweshe na kubadilisha maji mara kadhaa kabla ya kuyatia motoni. Mashauri hayo hayaongezi matumizi hata franga moja. Mengine yanapunguza.

Chai nayo ina neno lake. Mama mwenye upungufu wa damu akinywa chai pamoja na chakula, chai inazuia mwili kuchukua chuma kilicho katika mboga na maharagi. Akingojea saa moja, ni vizuri zaidi. Na sukari ya vijiko vinne ndani ya kikombe inaweza kuwa vitatu juma hili, viwili juma lijalo. Ulimi unazoea.

Kuna pia moshi. Wamama na watoto wadogo ndio wanaokaa karibu na makala na kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha. OMS inahesabu kwamba moshi wa jikoni uliua watu milioni 3,2 duniani katika mwaka wa 2020. Kupikia inje inapowezekana, kufungua mlango, kuziba chungu kwa mfuniko ili kiive haraka na makala yatoshe: hayo yote ni dawa. Lakini hata hapa, familia iliyo ndani ya kambi, mvua ikinyesha, inachagua kati ya moshi na baridi. Anayelaumu mama huyo hajui kambi.

Mambo ambayo mama peke yake hawezi

Ndiyo sababu kazi ya kinga haiwezi kuachwa mabegani mwa mama peke yake. Kuna sehemu yake, kuna sehemu ya bwana, na kuna sehemu ya wakubwa.

Sehemu ya bwana ni kubwa kuliko wanaume wengi wanavyokubali. Ni yeye mara nyingi anayeamua kama pesa ya kituo cha afya itatoka. Ni yeye anayeweza kuchota bidoni ya maji ili mke mwenye mimba ya miezi nane asibebe litri 20 mlimani. Ni yeye pia anayeweza kuacha kupiga. Hakuna chakula kinachoshusha tension ya mama anayeogopa kila jioni mlango ukifunguliwa. Munganga anayesahau kuuliza juu ya hilo hajamaliza kazi yake.

Bukavu ina fundisho katika jambo hili. Kwenye hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka wa 1999, Daktari Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka wa 2018, alionyesha kwamba mwanamke aliyeumizwa hatibiwi kwa upasuaji tu. Anahitaji pia mtu wa kumsikiliza, wa kumtetea mbele ya sheria, na wa kumsaidia apate kazi ya kumlisha. Kama ni kweli kwa mwanamke aliyebakwa, ni kweli pia kwa mwanamke ambaye vita imemchukulia usingizi. Mtu asiyelala, anayeshtuka kila akisikia sauti, mwili wake unalipa. Kikundi cha wamama wanaokutana mara moja kwa juma, wanaweka akiba, wanaimba, wanaulizana habari, si mchezo. Ni kinga.

Sehemu ya wakubwa ndiyo nzito kuliko zote. Nchi ina zone za afya 519, na katika sehemu nyingi za vijiji anayepokea wagonjwa ni muuguzi, si daktari. Kwa hiyo daktari mmoja anayeelewa kinga hafai kufungwa ndani ya ofisi ya mji akingojea wenye pesa. Faida yake kubwa ni kufundisha wauguzi na wale wahudumu wa kujitolea wa mitaani, RECO, wanaojua kila mlango. Mashine moja ya kupima tension inayofanya kazi, katika kila kituo, itumiwe kwa kila mama mzima anayeingia, hata kama ameleta mtoto. Kama 140 juu ya 90 inarudi mara mbili, kwa siku mbalimbali, mama afuatwe. Hilo halihitaji hospitali mpya.

Wamama waliopata tension ao kisukari wakati wa mimba wasiambiwe tu «umepona» baada ya kuzaa. Hatari yao ya kuugua tena miaka ya mbele ni kubwa kuliko ya wengine. Wanapoleta mtoto kwa chanjo na kwa kupimwa uzito, nao pia wapimwe. Mtoto anawekwa juu ya mizani kila mwezi, wakati mama yake amesimama pembeni na hakuna anayemwangalia. Hiyo ni nafasi inayopotea kila juma, katika kila kituo.

Juu ya kansa ya mlango wa kizazi, dunia ilipatana mwaka wa 2020 kuelekea kuimaliza: mpaka mwaka wa 2030, wasichana 90 kwa mia wawe wamechanjwa wakifika miaka 15, wanawake 70 kwa mia wawe wamepimwa kwa kipimo kizuri walipo na miaka 35 na tena walipo na 45, na 90 kwa mia ya waliopatikana na ugonjwa watibiwe. Panapokosekana maabara kubwa, muuguzi aliyefundishwa anaweza kupaka asidi nyepesi ya siki, akaangalia kwa macho, na vidonda vidogo vikatibiwa siku hiyohiyo. Mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi ana hatari mara sita zaidi, kwa hiyo yeye aanze kupimwa mapema, tangu miaka 25. Wamama wengi wa mashariki mwa Kongo hawajasikia kwamba kipimo hiki kipo. Wataombaje kitu wasichokijua?

Jihadhari na wauza matumaini

Penye kiu ya afya hapakosi wadanganyifu. Sokoni na ndani ya mabasi kuna wanaouza unga na majani kwa jina la tiba ya asili, wakiahidi kumaliza kisukari kwa juma mbili. Kuna wanaomwambia mama aache vidonge vya tension kwa sababu ameombewa. Munganga wa kinga anayestahili jina lake hasemi hivyo kamwe. Chakula kizuri kinaweza kupunguza dawa, na kwa wengine kuchelewesha dawa, lakini anayeamua ni kipimo, si maneno ya muuzaji. Mama anayesikia vizuri kwa sababu ya vidonge akiviacha, tension inarudi kimya kimya, na safari hii inaweza kurudi na kupooza.

Kwa familia zilizohama, jambo moja ni la haraka. Wakati wa kukimbia, watu wanabeba mtoto, godoro, chungu. Dawa zinabaki nyumbani. Mama mwenye tension ao kisukari aandikishe kwenye karatasi jina la ugonjwa wake, jina la kidonge na namna anavyokunywa, aiweke ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya uchaguzi na karatasi za watoto. Akifika mahali papya, hata kama ni ng'ambo ya mpaka, Burundi, Uganda ao kambi ya Nyarugusu huko Tanzania, munganga wa huko ataanza mahali yule wa kwanza alipoishia. Bila karatasi hiyo, anaanza upya, na mara nyingi anachelewa.

Wanaopanga misaada nao wana hesabu ya kutoa. Kambi zinajengwa kwa kufikiria kolera, surua na utapiamlo wa watoto, na ni haki, kwani hivyo vinaua haraka. Lakini vita ya mashariki imepita miaka 30. Mtoto aliyekimbia mara ya kwanza na mama yake katika miaka ya 1990 leo ni mama mwenye tension yake mwenyewe. Kumhudumia kana kwamba amefika jana, na kana kwamba atarudi kesho, ni kujidanganya.

Wazee wanasema kinga ni bora kuliko tiba, na kila mtu anaitikia. Lakini bajeti haiitikii: pesa inangojea mpaka mama aanguke, kisha inatafutwa kwa kuuza mbuzi, shamba ao cherehani. Mama huyo angeulizwa mapema namna anavyoishi, na akapimwa kwa dakika tano, mbuzi angebaki zizini, cherehani ingeendelea kushona, na watoto wangekuwa na mama yao.